Baba wa Sheria za Mataifa ni Nani?

Mwanafunzi wa sheria akiulizwa ni nani baba wa sheria za kimataifa, hujibu bila kusita: Hugo Grotius, Mholanzi, aliyetoa kitabu chake juu ya vita na amani mwaka 1625. Hupewa alama zake akenda zake. Lakini Grotius alizaliwa mwaka 1583, na Imam Muhammad bin Hassan al-Shaybani alifariki mwaka 805. Hesabu mwenyewe, msomaji.

Shaybani alisoma kwa Imam Abu Hanifa na kwa Imam Malik, na Khalifa Harun Rashid akamfanya kadhi wa Raqqa. Nasi watu wa pwani, tulio Mashafi, tuna deni kwake, maana Imam Shafi mwenyewe alikaa mbele yake akasoma. Elimu aliyoipanga mlango kwa mlango huitwa siyar, yaani mwenendo wa dola ya Kiislamu na mataifa mengine, katika vita na katika suluhu. Hakuwa wa kwanza, kwani Awzai wa Sham alikwisha kuiandika, lakini yeye ndiye aliyeikusanya akaieneza.

Ndani yake mna mengi ya kumshangaza mtu wa leo. Mjumbe wa adui hauawi. Wanawake na watoto hawauawi. Mfanyabiashara aliyeingia kwa amani hulindwa yeye na mali yake, na Mwislamu aliyepewa amani katika nchi ya adui ni haramu kwake kuwahini wenyeji. Hata mwanamke akimpa mtu amani, jeshi zima limefungika nayo, kama alivyofanya Umm Hani siku ya kufunguliwa Makka.

Hata hivyo siwaungi mkono wanaodai barazani kwamba Wazungu walimwibia Shaybani. Dai hilo halina ushahidi, na halimwongezei heshima. Siyar humfunga Mwislamu kwa dini yake. Grotius alitafuta sheria ya kuwafunga wafalme wote sawasawa. Tena siyar ina hukumu za mateka na utumwa ambazo hakuna mahakama itakayozikubali leo. Grotius naye aliuhalalisha utumwa wa mateka, ila hilo halisemwi sana.

Wala kalamu yake haikuwa ya bure. Mwaka 1603 Waholanzi waliiteka merikebu ya Wareno, Santa Catarina, karibu na Singapore, na kampuni yao ikataka mwanasheria wa kuitetea. Ndipo Grotius akaandika kwamba bahari haina mwenyewe, kijitabu kilichotoka mwaka 1609. Kwetu maneno hayo yalikuwa na maana, maana Wareno walioichoma Mombasa mwaka 1505 walidai Bahari ya Hindi ni yao, na chombo kisicho na cheti chao wakakiteka. Lakini mwaka 1613 huyo huyo Grotius alikwenda London kutetea Waholanzi wawe peke yao katika biashara ya viungo!

Siyar ya Shaybani ilitafsiriwa kwa Kiingereza na Majid Khadduri mwaka 1966, na mwenye kutaka ataipata. Minhaj ya Imam Nawawi, wanayoisomesha mashekhe wetu, nayo ina kitabu cha siyar. Walimu wasikiruke kwa haraka ya kufika mbele.