Binti asisubirishwe

Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliwataka wahitimu wa kidato cha sita wafanye kazi kwanza, wapate barua za mwajiri na chama tawala, ndipo waombe nafasi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nia ilikuwa njema. Lakini kwa msichana, miaka hiyo ya kusubiri ndiyo ya posa, ndoa na kunyonyesha. Wengi hawakurudi kabisa. Idadi yao chuoni ikaporomoka, na mwaka 1976 wanawake wakaondolewa sharti hilo. Ulikuwa uamuzi wa haki, tena wa haraka. Leo mkopo wa masomo ya chuo ukichelewa, binti hukaa nyumbani vilevile, na washenga hawachelewi. Wanaogawa mikopo wahakikishe fedha zimetoka kabla muhula haujafunguliwa.