Tairi Rahisi ni Lipi?

Mwaka 2022 Serikali ya Tanzania iliwagawia maafisa ugani pikipiki. Kazi yao yajulikana: asubuhi juu ya lami, mchana katika udongo. Basi yatupasa sisi sote tuendao hivyo kujiuliza, ni tairi lipi litufaalo na mshahara wetu ukaliweza?

Wengi hupenda tairi lenye kashata kubwa zilizoachana, kwa kuwa lapendeza macho. Katika matope hushika vema, bali juu ya lami huliwa upesi, na lami ikilowa hushika kidogo. Kwa hiyo rahisi si lile la bei ndogo, ila lile litakalokwenda kilomita nyingi kwa kila shilingi, nawe ukafika salama.

Wauzaji huyataja matairi haya kwa hesabu: 80/20 maana yake sehemu nane katika kumi ni barabara, mbili ni udongo, 50/50 ni nusu kwa nusu. Shauri langu ni hili: kila mtu azihesabu safari zake za mwezi mzima, asiihesabu ile moja ya matope anayoikumbuka. Lami ikizidi, achukue 80/20, na penye matope aende polepole.

Tena, kabla ya kulipa, asome tarakimu nne za mwisho katika alama ya DOT ubavuni: 2324 ni juma la 23 la mwaka 2024. Mpira uliokaa miaka mingi dukani hukauka, ujapokuwa haujatumika. Atakayeokoa shilingi hapo atazilipa hospitali.