Daftari la kompyuta lifuate mzigo

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wakulima na wafanyabiashara wa Mbulu na Hanang hawakukosa daftari. Siku hizi limehamia kwenye simu na kompyuta ya chama, ila limehamia bila mistari.

Saumu ya Bashay ikipigwa picha ghalani, picha hiyo huwekwa fungu moja na karatasi za mizani, risiti na nakala za vitambulisho. Kamera huipa namba, basi. Mnunuzi akirudi kudai mzigo ulikuwa na unyevu, au mkulima akilalamika kuwa kilo zake zimepunguzwa, karani hufungua picha mia bila kuiona inayotakiwa. Anayeumia hapo ni mkulima, kwani asiye na ushahidi hupangiwa bei.

Programu za kutunza picha na nyaraka zipo, na nyingine hazilipiwi leseni. Mojawapo ni ResourceSpace, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2006 kwa ajili ya shirika la Oxfam. Lakini huja na aina nne tu za kumbukumbu: picha, hati, video na sauti. Aina hizo zinaeleza faili, hazielezi biashara. Mkulima wa Bashay anauza saumu, wa Basotu anauza ngano. Hakuna anayeuza picha.

Ndiyo maana programu hiyo inamruhusu mtumiaji kuunda aina zake mwenyewe. Kazi hii asiachiwe fundi wa kompyuta peke yake. Fundi anaijua mashine. Wanaoujua mzigo ni karani na mkulima.

Kwa kuanzia, aina tatu zinatosha. Picha ya mzigo iwe na nafasi za zao, daraja, kijiji na tarehe ya kupokelewa. Karatasi ya mizani iwe na namba ya mwanachama, uzito na jina la mpimaji. Stakabadhi ya ghala, inayotambuliwa na sheria ya mwaka 2005, iwe na namba yake na jina la ghala. Namba ya mzigo iwepo kwenye zote tatu, na programu ikatae kupokea kumbukumbu isiyo nayo. Hiyo ndiyo kamba inayozifunga pamoja.

Jina la zao lichaguliwe kwenye orodha, lisiandikwe kwa mkono. Karani mmoja ataandika saumu, mwingine swaumu, wa tatu kitunguu saumu, na kompyuta itahesabu mazao matatu. Nafasi ya uzito nayo ipokee kilo tu. Ikipokea "gunia", rumbesa itakuwa imeingia hadi kwenye kompyuta.

Wapo watakaosema karatasi inatosha. Desemba 3, 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliikumba Katesh na vijiji jirani, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Mbele ya msiba huo karatasi ni jambo dogo, lakini aliyenusurika hulazimika kuthibitisha alichokuwa nacho. Nakala iliyotunzwa nje ya wilaya ingemsaidia, mradi vitambulisho vya wanachama vifungwe kwa nywila, kama inavyodai Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 kuwa taarifa za watu zilindwe.

Viongozi wa vyama wakae na makarani kabla ya mavuno, wachore nafasi hizo kwenye karatasi, ndipo wamwite fundi. Msimu ukishaanza, hakuna mwenye muda wa kupanga daftari.