Jazi si lugha, lakini hujifunzwa kama lugha

Wanamuziki wa jazi hupenda kusema kwamba kutunga papo kwa papo ni "kuzungumza". Sisi tunaosoma isimu, yafaa tulipime neno hilo kabla ya kulikubali.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walichapisha uchunguzi wao juu ya wapiga piano 11 wa jazi. Mpigaji alilala ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo huku akijibizana kwa kinanda na mwenzake aliyekuwa nje. Sehemu za ubongo zinazohusika na sarufi ziliamka. Zile zinazohusika na maana zilitulia. Nadhani jibu limo humo. Jazi ina mpangilio na ina zamu za wasemaji, lakini haina namna ya kusema "sikuja jana". Bila ukanushi na bila nyakati, mimi siiiti lugha.

Hata hivyo, njia ya kujifunza ni ileile. Charlie Parker, kabla hajafika miaka 20, alikariri solo za Lester Young kutoka kwenye sahani za santuri, noti kwa noti. Aliiga, kisha akavunja na kuunga upya hadi akapata sauti yake. Mtoto wa Lubumbashi hujifunza Kiswahili hivyo hivyo: hukamata kwanza misemo mizima, kanuni zinakuja nyuma.

Mtu atapinga: watu wazima wanahitaji kanuni. Ni kweli, na wapiga jazi pia husoma skeli na akordi. Lakini kanuni huzaa matunda pale sikio linapokuwa limekwisha kupokea kitu.

Hapo ndipo jambo linatugusa. Nimejifunza Kiluba darasani miaka mitatu. Naweza kuandika ngeli zote ubaoni. Likizo iliyopita nkambo alinitania kwa Kiluba. Nilipomaliza kupanga viambishi kichwani, yeye alikuwa amekwisha kucheka na kurudia mihogo yake. Nilikuwa na skeli zote, wimbo hata mmoja sina.

Ninaomba jambo dogo: kila somo la lugha ya Kiafrika lipate saa moja kwa juma ya kusikiliza, kuiga na kujibizana na mzee mwenye lugha yake, na mtihani wa mdomo upewe alama sawa na ule wa maandishi. Sarufi ibaki, ila isitangulie sikio.