Muguka Hauwi Mchicha kwa Kuitwa Zao

Mwezi Mei 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta waliupiga marufuku muguka, jani la kutafunwa la jamii ya mirungi. Wino haujakauka, Rais William Ruto akaketi na viongozi wa Embu, unakolimwa muguka, na kutangaza kwamba marufuku hiyo ni batili, kwa kuwa Sheria ya Mazao ya 2013 inautambua muguka. Mahakama Kuu mjini Embu nayo ikaisimamisha marufuku hiyo.

Zao! Kwani bangi haioti shambani? Jani la muguka lina kathinoni, kemikali ya ukoo mmoja na amfetamini. Huupeleka moyo mbio, hupandisha presha, huua hamu ya chakula na kufukuza usingizi. Anayetafuna hajaongezewa nguvu hata chembe. Amezibwa masikio tu asiusikie mwili wake ukilia kwa uchovu. Stimu ikikata, uchovu uko palepale, na juu yake kuna majonzi na hasira. Mwambieni mama wa Kisauni, Mombasa, ambaye kijana wake anashinda maskani na kifuko cha muguka mapajani, kwamba hicho ni kilimo.

Mkulima wa Mbeere, huko Embu, simlaumu. Ardhi yake ni kame, muguka unaistahimili, na karo ya wanawe hutoka humo. Ninaowalaumu ni wakubwa walioshindwa kumtafutia riziki nyingine, kisha wakamfanya ngao kila Pwani inapolalamika.

Na mnaosema magavana walivuka mipaka, fungueni Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Udhibiti wa dawa za kulevya umeandikwa humo, miongoni mwa kazi za kaunti. Jirani zetu Watanzania hawakuhangaika hivi. Ukitoka Lunga Lunga ukaingia Horohoro, jani hilohilo ni dawa ya kulevya, na laweza kukupeleka jela. Watoto wa Tanga wana miili gani ambayo watoto wa Kwale hawana?

Wabunge wa Pwani, Sheria ya Mazao ilitungwa bungeni na inaweza kurekebishwa bungeni. Utoeni muguka katika orodha ya mazao. Watengeeni wakulima wa Mbeere fedha za kuanza kilimo kingine, na kila kaunti iachiwe kuamua kama itauruhusu sokoni mwake. Mkishindwa hata kuwasilisha mswada, msirudi kutuomba kura.