Maziwa Yetu na Kamba ya Bariyeri

Wakati tulipotangaza kama katika kitabu hiki tutaandika juu ya maziwa, wenzetu wamoja walicheka. Walisema: "Andikeni juu ya ndoa, juu ya ngoma, juu ya majina. Maziwa ni mambo ya wafugaji." Hatukubali. Kule kwetu Bushi ndoa yenyewe inahesabiwa kwa ng'ombe, na mutu asiyejua namna maziwa yanavyotoka katika kiwele mpaka yanafika mbele ya mutoto, huyo hajui bado desturi yetu. Tena siku hizi maziwa hayo yanasumbuliwa na pande mbili: upande mumoja ni wale wanaoyakataza bila kuyapima, upande mwingine ni sisi wenyewe, wenye kuyasifu bila kuyachemsha. Tutasema na wote wawili.

Kila musomaji wa Bukavu anajua mashanza. Mama anakamua, anachuja, anaacha maziwa katika chombo siku mbili ao tatu, na maziwa yanaganda yenyewe. Hakuna dawa inayotiwa. Kazi yote ni ya chombo na ya mukono wa mama: kibuyu kilichokwisha kuzoea maziwa hakitoi ladha sawa na ndoo mupya ya plastiki, na mama mwenye kujua anatambua kwa harufu tu kama jana mutu alikisafisha vibaya. Mashanza yanaliwa na bugali, na viazi vitamu, na mugonjwa akianza kupona njo chakula anachokiomba kwanza. Ile inayobaki inakwenda Kadutu ao Nyawera, na feza yake inalipa minervali ya watoto. Tunasema "ile inayobaki," lakini katika nyumba mingi siku hizi ni kinyume: watoto njo wanakunywa ile iliyobaki ku soko.

Sasa tuelezee kitu tulichokiona kwa macho. Miaka michache iliyopita, wawili kati yetu tulikuwa ndani ya taksi tunarudi muji, na gari likasimama pa bariyeri. Pembeni yetu alikaa mama mumoja na bidoni mbili. Kijana mwenye kofia ya kazi alifungua mulango.

— Mama, hii maziwa iko na karatasi ya ijieni?

— Karatasi gani tena? Asubui nililipa jeto kule juu.

— Ile ni ya soko. Ya ijieni iko wapi?

Mama hakuwa nayo. Kijana hakufungua bidoni kunusa. Hakuwa na kile chombo kidogo cha kupimia kama maziwa yametiwa maji, hakuwa na kitu chochote isipokuwa kitabu cha jeto na kalamu. Akasema maziwa hayo ni hatari kwa afya ya raia, akamwanga bidoni moja chini, mbele yetu wote. Mama akafungua pindo la kikwembe, akatoa feza. Bidoni ya pili ikapita.

Tuulize kama watu waliosoma: ikiwa bidoni ya kwanza ilikuwa sumu, ya pili ilipona kwa dawa gani? Zote mbili zilitoka katika kiwele kimoja. Kama kweli ile maziwa ilikuwa na ugonjwa, basi kijana aliuzisha ugonjwa huo kwa watu wa Bukavu kwa bei ya jeto. Na kama haikuwa na ugonjwa, alimwanga chakula cha watoto. Hakuna njia ya tatu.

Musituambie kama ni kosa la kijana mumoja. Muji wetu ulibadilisha wakubwa mara mingi: 1996, 1998, 2003, tena 2025. Kila mukubwa anayeingia anakuta kamba ya bariyeri imefungwa pale, na hatujaona aliyekuja akaikata. Anabadilisha tu mutu wa kuishika. Muzee wetu mumoja anasema kamba hiyo ina umri kuliko bendera.

Tena tazameni maziwa ya unga. Yanatoka mbali, yanavuka bahari, na mengine si maziwa kamili: mafuta ya maziwa yalitolewa, fasi yake yakatiwa mafuta ya mawese. Pale soko gunia linafunguliwa, mutu anapima na kijiko katika tusashe tudogo, mukono mutupu, vumbi la barabara likipita. Ni siku gani mulimuona mutu wa kofia akimwanga unga huo chini? Maziwa ya Kabare, yaliyokamuliwa leo asubui, njo "hatari." Hapo hatuoni afya. Tunaona kwamba wakubwa wa unga wako mbali na wana nguvu, na mama wa bidoni yuko karibu na hana.

Lakini tusijidanganye, maana kuna wenzetu watakaosoma mupaka hapa wakipiga makofi. Hawa wanasema: "Wababu walikunywa maziwa mabichi, hawakufa." Walikufa, ndugu zetu. Walikufa na hatukujua ni nini iliwaua. Kuna homa inayokwenda na kurudi miezi mingi, inavunja mugongo na viungo, na watu wanaitibu kama malaria bila kupona. Inaweza kutoka kwa maziwa ya ng'ombe mwenye kutupa mimba. Waganga wanaiita bruselozi. Kuna vilevile kifua kikuu cha ng'ombe, nacho kinapita katika maziwa mabichi. Na mutu asituambie kama mashanza yakiisha kuganda yamejisafisha. Uchungu wa mashanza unazuia vijidudu vingi, ni kweli, lakini hautoshi kuua hivi viwili kwa hakika. Moto unaua.

Tunajua jambo linalozuia moto. Kwa wafugaji wengi wa inchi zetu za Maziwa Makubwa kuna imani kwamba ukichemsha maziwa, ng'ombe ataugua kiwele ao atakauka. Sisi ni chama cha desturi, tunaheshimu wazee, lakini tunasema wazi: desturi hii iache kwenda. Mashanza yatabaki. Chemsha maziwa, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu, tia kijiko cha mashanza mazuri yaliyotoka kwa maziwa yaliyochemshwa vilevile, funika. Tulijaribu nyumbani kwetu. Muzee wa nyumba alionja akasema yamepungua kitu kidogo, hakuweza kusema ni kitu gani, na alimaliza kopo.

Sasa, je, mutu muzima akikataa kuchemsha? Hapa wengine wetu tulibishana usiku muzima, na tulifika fasi hii. Ng'ombe wake, chombo chake, kinywa chake: hakuna mutumishi wa leta mwenye haki ya kuingia jikoni kumukataza. Tumushauri, tumufundishe, tumuache. Lakini mutoto wa miaka miwili hachagui. Anakunywa kile anachopewa. Mama anayempa mutoto maziwa mabichi hatumii uhuru wake mwenyewe, anatumia mwili wa mutoto. Na mutu wa soko anayenunua kopo bila kujua maziwa yametoka wapi, huyo naye hajachagua. Kwa hiyo yule anayeuzisha ana deni la ukweli kwa munuzi: aseme ni mabichi ao yalichemshwa, ni ya leo ao ya jana. Uhuru wa kula bila ukweli ni kufunga macho ya munuzi.

Kuna sheria za maziwa zilizookoa watu. Kule Malta, kisiwa kilichokuwa mikononi mwa Waingereza, askari walikuwa wanaugua ile homa tuliyotaja. Mwaka 1887 David Bruce alitambua kijidudu chake. Mwaka 1905 Themistocles Zammit aliona kama mbuzi wenye kuonekana wazima wanakibeba. Mwaka 1906 askari wakakatazwa maziwa ya mbuzi, na ugonjwa ukapungua sana kwao. Angalieni mupango wa mambo: walipima kwanza, wakakataza nyuma. Pa bariyeri yetu wanakataza kwanza, na kupima hakufiki.

Na Kenya? Sheria yao ya maziwa ni ya 1958. Kwa miaka mingi, mupaka 1992, maziwa ya miji yalikuwa haki ya kiwanda kimoja kikubwa, na wauzaji wa maziwa mabichi walikuwa wanafukuzwa. Walikwisha? Hapana. Wakenya waliendelea kununua maziwa ya mufugaji na kuyachemsha katika chai yao, na sehemu kubwa ya maziwa haikupita kiwandani. Tangu 2004 serkali yao ilianza njia ingine: kufundisha wauzaji wadogo na kuwapa ruhusa. Jirani zetu wa ngambo ya Ruzizi nao walitoa amri ya waziri mwaka 2016 juu ya kukusanya, kusafirisha na kuuzisha maziwa. Usafi ni jambo jema. Tunauliza tu, kabla ya mutu kuleta amri kama hiyo kwetu: mama mwenye ng'ombe mumoja atanunua chombo cha chuma kwa feza gani, na maziwa yake yatapelekwa wapi fasi isiyo na barabara, isiyo na umeme wa kuyapoza?

Hatuombi waondoe kila kazi ya ijieni. Tunaomba munganga wa nyama afike kijijini kupima ng'ombe, na ng'ombe mugonjwa atengwe na mwenyewe asaidiwe, juu akinyang'anywa bure atamuficha usiku. Tunaomba karatasi itolewe pale walipopima, si pale walipofunga kamba. Tunaomba malipo yawe moja, fasi moja. Na yule anayemwanga maziwa ya mutu aandike jina lake, aandike kipimo alichofanya na matokeo yake, ampe mwenye maziwa kopi.

Yule mama wa taksi tulimuona tena ku soko. Siku hizi hapiti pa bariyeri. Anatoka nyumbani saa tisa ya usiku, anashuka kwa miguu katika mashamba ya ndizi, na bidoni ameifunika na majani ya viazi katika kitunga ili mutu asijue ni maziwa. Tulimuuliza kama mutu yeyote alikwisha kumupimia ng'ombe wake. Akacheka. "Nani atanipimia? Hawajue hata kama niko naye."