Sheria Inayombana Mtunzi Wake

Atakayetafuta katika toleo hili mwanasheria wa Mara aliyetunga sheria mwanzoni mwa karne ya 20 hatampata. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza mwaka 1926 bila Mwafrika hata mmoja. Wawili wa kwanza, Chifu Abdiel Shangali na Chifu Kidaha Makwaia, waliingia mwaka 1945. Kitivo cha Sheria Dar es Salaam nacho kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru. Wazee wetu wa Musoma na Bunda walilipa kodi kwa sheria ambazo hawakuulizwa.

Kwa hiyo, hapa Makoko, Musoma, tumeamua kuanza na Jaji Joseph Sinde Warioba, mzaliwa wa Bunda, 1940. Alihitimu sheria Dar es Salaam mwaka 1966, akapokea Uanasheria Mkuu kutoka kwa Mark Bomani mwaka 1976, akawa Waziri Mkuu kuanzia 1985 hadi 1990. Vyeo hivyo vinajulikana. Kinachotugusa zaidi ni mwaka 1995, aliposhindwa ubunge nyumbani kwake Bunda na Stephen Wassira wa NCCR-Mageuzi. Waziri Mkuu mstaafu alifungua kesi kama mgombea mwingine yeyote, na mahakama ikautengua uchaguzi ule.

Lakini kazi yake kubwa, kwa maoni yetu, ni Rasimu ya Katiba iliyotolewa mwishoni mwa 2013 na Tume aliyoiongoza. Wengi wanaikumbuka kwa pendekezo la Muungano wa serikali tatu tu. Wafungue sura ya Bunge! Mbunge asizidi vipindi vitatu. Wapiga kura waweze kumwondoa kabla ya muda wake kwisha. Waziri asiwe mbunge. Tume iliyopendekeza hayo iliongozwa na mtu aliyekuwa mbunge na waziri kwa wakati mmoja. Alijua ndani ya Bunge kuna nini, na bado akaweka jina lake chini ya mapendekezo hayo.

Bunge Maalum la Katiba la 2014 liliviondoa vipengele vyote vitatu. Sisi hatushangai: wabunge waliokalia viti ndio waliokuwa wengi ukumbini, wakiamua ukomo wao wenyewe. Tarehe 2 Novemba mwaka huohuo, mdahalo wa Katiba aliokuwa akihutubia Jaji Warioba katika Ubungo Plaza, Dar es Salaam, ulivunjwa kwa vurugu, viti vikirushwa. Mzee mwenye umri wa miaka 74 ilibidi atolewe ukumbini chini ya ulinzi. Ni aibu ambayo taifa halijaiombea radhi ipasavyo.

Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika 30 Aprili 2015 iliahirishwa, haikufanyika tena. Mjadala wa Katiba ukirudi mezani, sisi wa Mara tusianze na idadi ya serikali. Tuanze na ukomo wa ubunge, haki ya kumwondoa mbunge na kumtenganisha waziri na Bunge, na safari hii waamuzi wasiwe wabunge.